Lehemu Haisubiri Uzee

Damu ikishazungushwa kwenye mashine, chembe nyekundu hukaa chini ya kichupa na juu hubaki maji ya njano iliyopauka. Hayo ndiyo tunayoyaita seramu, na humo ndimo tunamopimia lehemu. Siku nyingine seramu hutoka nyeupe, nzito, huoni upande wa pili wa kichupa. Mgonjwa akiiona hushtuka, na kweli kuna jambo: huyo ana trigliseridi nyingi, pengine ametoka kula mlo wenye mafuta tele, pengine ana kisukari asichokijua. Lakini lehemu inayoziba mishipa ya moyo, ile ya LDL, haina rangi. Nimeshika vichupa vya seramu angavu kabisa, mashine ikasoma LDL ya mmol 5 na zaidi kwa lita, na mwenye damu hajatimiza miaka thelathini.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimezaliwa Kilwa Kivinje, nimesomeshwa na jasho la baba aliyekuwa mvuvi, na kazi yangu imenipitisha katika vituo vya pwani hii kuanzia Somanga hadi Lindi mjini. Dawa siandiki, hiyo ni kazi ya daktari. Ila karatasi za majibu zinapita mikononi mwangu, na kila mara naumia nikiona kijana anaikunja yake na kuitia mfukoni bila kuisoma, kwa imani kwamba moyo ni maradhi ya wazee na ya wenye vitambi. Shambulio la moyo linalomwangusha mtu akiwa na miaka hamsini lilianza kujengeka akiwa na ishirini. Lingeweza kuonekana wakati huo, kwa gharama ndogo, laiti mtu angelitafuta.

Mafuta na maji hayachangamani, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo ini haliiachi lehemu ielee ovyo ndani ya damu. Huifunga katika vibunda vidogo mno vilivyovikwa protini. Sisi tuliokulia karibu na gati tunaweza kuvifikiria vibunda hivyo kama majahazi. Kila jahazi la LDL lina nahodha mmoja tu, protini inayoitwa apolipoproteini B, kwa kifupi ApoB. Jahazi moja hupakia shehena kubwa, jingine hupakia ndogo, lakini ukuta wa mshipa unaumizwa zaidi na wingi wa majahazi yanayoupita na kuupenya mchana na usiku kuliko ukubwa wa shehena. Ndiyo sababu siku hizi mabingwa wa moyo wanasema kuhesabu manahodha, yaani kupima ApoB, hueleza hatari vizuri kuliko kupima mzigo peke yake. HDL ni aina nyingine, ina protini yake, na moja ya kazi zake ni kuichukua lehemu iliyozidi na kuirudisha kwenye ini.

LDL ikipenya chini ya utando wa ndani wa ateri, nyingine hunasa humo. Seli za kinga huja kuila, hujaa mafuta, zikafia humohumo. Mwili hufunika mahali hapo kwa kovu. Mwaka baada ya mwaka uvimbe ule hukua ndani ya ukuta, na mwenyewe hasikii kitu. Siku kifuniko kikipasuka, damu huganda juu yake kwa dakika chache, njia ikaziba, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikitegemea njia hiyo huanza kufa. Watu husema amekufa ghafla. Lililotokea ghafla ni kule kuziba tu. Uvimbe wenyewe ulikuwa umekua kwa miaka.

Ushahidi wa kwamba mambo haya huanza ujanani ni wa zamani. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa taarifa ya uchunguzi wa mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22 hivi. Wanaume hawa walipita vipimo vya jeshi, wakabeba bunduki, wakapanda milima. Katika kila mia, 77 walikutwa na dalili za ugonjwa katika ateri za moyo, wengine kidogo, wengine njia ikiwa imekaribia kuziba. Hakuna kati yao aliyekufa kwa moyo.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unatoka kwa watu wa damu yetu. Mwaka 2006 Jonathan Cohen na Helen Hobbs, watafiti wa Texas, pamoja na wenzao, walichapisha habari za Wamarekani weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa miaka 15. Kati yao, 2.6 katika kila mia walikuwa wamezaliwa na jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi. Jeni hiyo ikilala, ini hupata nguvu ya kuiondoa LDL kwenye damu. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 kuliko ya wenzao, na ugonjwa wa ateri za moyo ulikuwa umepungua kwao kwa asilimia 88. Angalia tofauti ya namba hizo mbili. Katika kundi hilo presha, sigara na kisukari vilikuwa vya kawaida, lakini mishipa yao ilikuwa imeogelea katika LDL ndogo tangu siku waliyozaliwa. Anayeanza dawa uzeeni akaishusha LDL kwa mmol 1 kwa miaka mitano hivi hupunguza hatari kwa karibu moja ya tano. Aliyezaliwa na tofauti hiyohiyo ya mmol 1 hatari yake hupungua kwa zaidi ya nusu. Punguzo la LDL ni lilelile kwa wote wawili. Waliyopishana ni miaka, na miaka ndiyo mali ya kijana.

Sasa njoo kwenye vituo vyetu. Jedwali la Shirika la Afya Duniani la kukadiria hatari ya moyo na kiharusi, lile la mwaka 2019 lililotengenezwa kwa kila ukanda, Afrika Mashariki ukiwamo, linaanza na umri wa miaka 40. Ni jedwali zuri, linamsaidia mganga aliye zahanati kujua nani ahudumiwe kwanza. Lakini linauliza nani yumo hatarini ndani ya miaka 10 ijayo, na kwa swali hilo dereva wa bodaboda wa miaka 28 hayumo kabisa. Hata angeingizwa kwa nguvu, umri wake ungemfanya aonekane salama. Swali linalomfaa yeye ni la miaka 30 mbele, na jibu lake limo ndani ya damu ya leo.

Huko kupima nako kuna mtego. Kwenye maonyesho, kwa mfano Nane Nane pale viwanja vya Ngongo, Lindi, watu hupanga foleni kwa kipimo cha tone la kidole. Ni jambo jema, nami huwahimiza watu wapange foleni hiyo. Lakini vipimo vingi vya namna hiyo hutoa namba moja tu: lehemu yote kwa jumla, ya LDL na ya HDL zikiwa zimechanganywa. Chukua vijana wawili. Wa kwanza jumla yake ni 5.6, akaambiwa imezidi, akarudi nyumbani na hofu. Wa pili ni 5.0, akaambiwa yuko salama, akaenda zake kula chipsi. Sasa pima HDL. Wa kwanza ana 1.9, wa pili ana 0.8. Toa HDL kwenye jumla: wa kwanza anabakiwa na 3.7, wa pili anabakiwa na 4.2. Aliyetiwa hofu ndiye mwenye nafuu.

Hesabu hiyo ya kutoa haina malipo. Inakusanya shehena ya majahazi yote yenye ApoB, kwa hiyo pale ambapo ApoB yenyewe haipimwi, na sehemu kubwa ya mkoa wetu haipimwi, kutoa HDL kwenye jumla kunatusogeza karibu sana na ukweli. Kwa kijana asiye na kisukari wala presha, baki hilo lisizidi 3.8, na LDL isizidi 3.0. HDL ya mwanamume isishuke chini ya 1.0, ya mwanamke chini ya 1.2. Trigliseridi zibaki chini ya 1.7. Mwenye kisukari au presha hutakiwa kwenda chini zaidi ya hapo. Basi ukienda maabara omba kipimo kamili cha lehemu chenye mistari minne, na karatasi ni yako, irudi nayo nyumbani na uihifadhi.

Watu wengine hawaji kwa sababu waliambiwa lazima walale na njaa. Mtu wa Songo Songo anayevuka na boti, au wa Njinjo anayetoka bara gizani, akifika saa nne na tumbo tupu ameteseka bure. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walikubaliana kwamba kipimo hiki hakihitaji kufunga, isipokuwa trigliseridi zikikutwa juu sana ndipo mtu arudie akiwa hajala. Jambo linaloharibu majibu huku kwetu ni homa. Malaria kali hushusha LDL na HDL na kupandisha trigliseridi, kwa hiyo aliyepimwa akiwa anatetemeka kitandani asubiri apone ndipo apime tena. Ujauzito nao huipandisha lehemu, na hilo ni jambo la kawaida kwa mama.

Kijana mmoja wa Kilwa Masoko aliletwa kwetu na mama yake. Baba yake alianguka kabla ya miaka hamsini, na ami yake vilevile, na mtaani kulisemwa mengi ambayo sitayarudia. "Shikamoo mama," akaniamkia, kisha akaanza kujitetea: "Mimi mwenyewe sioni cha kupima. Sina kitambi, sivuti sigara, nyama naila Idi kwa Idi." Nilimwambia, "Marahaba mwanangu, kaa, tutazame." Mwili wake ulikuwa umejengeka kwa kazi. Trigliseridi zake nzuri, HDL nzuri, LDL 5.7. Nilirudia kipimo, ikaja vilevile. Nikamwomba avue kandambili, nikamshika kano ya nyuma ya kisigino, pale juu kidogo. Ilikuwa nene na ina vinundu. Sikumwambia zaidi ya kwamba daktari lazima amwone siku hiyohiyo.

Vinundu vile ni lehemu iliyojikusanya. Kuna watu wanaorithi kasoro katika vipokezi vya ini vinavyoikamata LDL, na Michael Brown na Joseph Goldstein waligundua vipokezi hivyo miaka ya 1970 wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja ana LDL kubwa tangu utotoni, ale mboga, ale samaki, akimbie kila alfajiri. Duniani inakadiriwa mtu mmoja katika 250 hadi 300 anayo, na wengi huishi bila kujua. Kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Kwa hiyo LDL ya 4.9 au zaidi kwa kijana si siri ya mtu mmoja. Inabidi wapimwe ndugu wa tumbo moja, wazazi walio hai, na watoto. Dada wa kijana yule alipimwa, akakutwa na 2.3. Mdogo wao wa kiume alikutwa na 5.1, naye alikuwa bado shule.

Dawa zipo. Statini zilianzia kwa Akira Endo, Mjapani aliyetafuta katika maelfu ya aina za kuvu mpaka mwaka 1973 akapata kitu kinachozuia ini lisitengeneze lehemu. Leo atorvastatini haina tena mwenye haki pekee ya kuitengeneza, na bei yake imeshuka sana. Nasikia vijana wakisema wakianza kidonge hawataacha maisha yao yote. Ni kweli kwa mwenye kasoro ya kurithi, kama ilivyo kweli kwa mwenye presha. Mwanamke anayetarajia mimba amweleze daktari mapema, kwa kuwa kwa kawaida dawa hizi husimamishwa wakati wa ujauzito. Kipo pia kibunda kingine cha kurithi, lipoproteini (a), alichokigundua Kåre Berg wa Norway mwaka 1963. Watu wenye asili ya Afrika kwa wastani huwa nacho kwa wingi kuliko Wazungu. Hupimwa mara moja tu maishani, kwa kuwa hakibadiliki sana. Huku Kusini kipimo chake si rahisi kukipata, lakini ambaye ndugu zake wameanguka mapema na LDL yake ni nzuri, akienda Dar es Salaam akiulizie, mathalani Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Wengi wetu, hata hivyo, hatuna kasoro ya kurithi. Lehemu zetu zimepanda kwa namna tunavyoishi, na kwa macho yangu nimeona zikipanda. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilikwama kwenye kivuko cha Rufiji, na mvua kubwa ikinyesha Kilwa ilikuwa kama kisiwa kizima. Baada ya daraja ikaja lami, kipande cha Ndundu hadi Somanga kikimalizikia nyuma. Barabara imeokoa akina mama wengi wenye uchungu, nami siilaumu. Lakini kwa njia hiyohiyo yamekuja madumu ya mafuta ya mawese ya bei rahisi, unga mweupe, soda na pikipiki. Kijana aliyekuwa akitembea mwendo mrefu sasa hata sokoni haendi kwa miguu. Chipsi mayai imekuwa chakula cha jioni, na mafuta ya kukaangia hupita siku hata siku kwenye karai lilelile. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu robo yao wana presha, na karibu robo wana lehemu iliyozidi.

Nitasema juu ya nazi, ingawa najua shangazi zangu hawatafurahi. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni yale yanayopandisha LDL. Mawese ni karibu nusu. Wapo watakaonijibu kwamba babu zetu walikula wali wa nazi na hawakuanguka. Katika visiwa vya Tokelau, huko Pasifiki, watafiti waliwakuta watu waliopata zaidi ya nusu ya nguvu za mwili kutoka kwenye nazi. Lehemu yao ilikuwa juu kuliko ya majirani zao wa Pukapuka waliokula nazi kidogo kuliko wao, lakini maradhi ya moyo yalikuwa machache kwa wote. Watu hao walivua, walipanda minazi, na chakula chao kingine kilikuwa samaki. Babu zetu waliishi hivyo. Anayekaa juu ya pikipiki saa kumi kwa siku akinywa soda hawezi kuchukua tui la babu bila kuchukua na kasia lake. Samaki wa nazi siku ya Ijumaa si tatizo. Tui zito kila mchana, na usiku chipsi za mawese, ndilo linaloonekana kwenye karatasi zangu. Na akina mama wa pweza wasiogope: pweza na kamba wana lehemu ndani yao, lakini mafuta yanayopandisha LDL ni machache, na hudhuru kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachowaharibu ni karai.

Kuhusu samaki tunao ushahidi wa nchi hii hii. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Paolo Pauletto, Mtaliano, na wenzake, uliofanywa Ludewa. Walilinganisha wanavijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao chakula chao kikuu ni samaki, na watu wa asili hiyohiyo waishio milimani Lugalawa, wanaokula nafaka na mboga. Wala samaki walikuwa na presha ndogo, lehemu ndogo, trigliseridi ndogo, na hata lipoproteini (a) ndogo kuliko wenzao. Kulinganisha vijiji hakumalizi ubishi, kwani watu hutofautiana kwa mengi. Lakini nikiona vibua na dagaa wetu wakipakiwa kwenye barafu waende Dar, halafu jioni mvulana wa Kivinje ananunua soseji ya kukaanga, moyo unaniuma.

Na ufuta unaniuma zaidi. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa ufuta. Mafuta yake yana asilimia 15 hivi tu ya yale yanayopandisha LDL, na mengine karibu yote ni ya aina inayoishusha ikiliwa badala ya mawese au nazi. Msimu ukifika magunia huenda kwenye maghala, mnada unafanyika, na ufuta unasafirishwa ng'ambo. Fedha hizo zinasomesha watoto na kuezeka nyumba, sitamwambia mkulima asiuze. Ninachomwomba ni abakize madebe machache ya nyumbani, na vyama vya msingi vifikirie mashine ndogo ya kukamulia kwa kila kata inayolima. Bibi yangu alikuwa akitwanga ufuta na kuutia kwenye kisamvu badala ya tui, na hakuhitaji mashine.